MREJESHO: Picha za rangi za maji na jua la majira ya kuchipua

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza tuzihifadhije picha za rangi za maji kwenye maonyesho ya majira ya kuchipua, maana ukumbi wetu wa sanaa ni mdogo, una madirisha makubwa, na msimu huu jua linapiga hadi ukutani.

Tumefuata ushauri wa wengi. Kazi zote za sanaa za karatasi zimehamia ukuta wa ndani, ambako mwanga hauzidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Za rangi za mafuta, ambazo huvumilia hadi luksi 200 hivi, zimebaki upande wa madirisha, nako tumebandika utando wa kuzuia miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana ya jua inayopausha rangi. Aliyesema mapazia pekee yanatosha anisamehe, sikumsikiliza: rangi ikishapauka hairudi, na madhara ya mwanga hujilimbikiza hata ukiwa hafifu.

Kitovu cha kila picha kipo sentimita 150 kutoka sakafuni, isipokuwa za watoto wa shule, tulizozishusha ili wenyewe wazione. Hapo kamati ilibishana kweli kweli, nikashinda.

Wa kujitolea wamejaa. Kilichobaki ni bima ya kazi za kuazimwa; mwenye uzoefu anijuze.