Kiungo cha nyonga na uti wa mgongo: nitiwe vyuma?

Mama Mwani, Paje: Asalaam aleykum. Tangu nijifungue, tako la kulia laniuma, hasa nikiinuka kufunga mwani. Mwaka mzima natibiwa mgongo, kumbe ni pale nyonga inapoungana na uti wa mgongo! Sasa naambiwa upasuaji, kiungo kitiwe vyuma kishikane.

Mtaalamu wa viungo, Chake Chake: Waaleykum salaam, dada. Mimba hulegeza kano za hapo. Umedungwa ganzi ndani ya kiungo chenyewe? Maumivu yakipungua sana, ndipo penyewe. Kabla ya hapo usikubali.

Mama Mwani: Bado. Mazoezi nilifanya wiki mbili (mtoto analia, basi tena).

Babu wa Mkoani: Wiki mbili, mwanangu? Fanya miezi! Mimi nilipasuliwa: kidonda kidogo, vyuma vitatu vya titani, magongo wiki kadhaa. Mfupa hushikana polepole.