Ulinganisho: ESP32-CAM, XIAO ESP32S3 Sense au Raspberry Pi Zero 2 W kwa kengele ya geti yenye kamera na sauti

KengeleYaGeti

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninakusudia kutengeneza kengele ya geti ambayo mgeni akiibonyeza itapiga picha moja, itaituma kwenye simu ya mwenye nyumba kupitia Wi-Fi, na papo hapo itatoa sauti iliyorekodiwa ya kumkaribisha mgeni na kumwomba asubiri. Maneno yenyewe ni mafupi, hayazidi sekunde sita. Baada ya kusoma hapa na pale nimebakiwa na bodi tatu: ESP32-CAM na XIAO ESP32S3 Sense, ambazo ni maikrokontrola zenye kamera, na Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo ya Linux. Lugha ya C naielewa kiasi cha kusoma mifano ya Arduino na kuibadilisha. Python naifahamu zaidi. Umeme wa mtaani kwetu hukatika bila taarifa, kwa hiyo kifaa kitakuwa na betri ya akiba ya lithiamu ya seli moja.

Siombi kuambiwa ni bodi ipi iliyo bora kwa jumla. Ninachotaka kujua ni ipi inayoweza kushughulikia picha na sauti kwa wakati mmoja bila kazi moja kuikwamisha nyingine, na kama wingi wa megapikseli ni kigezo cha kuzingatia.

FundiSaketi

Ndugu KengeleYaGeti, kwa kazi yako megapikseli haziamui chochote. Kamera ya OV2640 inayokuja na ESP32-CAM hutoa hadi pikseli 1600 kwa 1200, na uso wa mtu aliyesimama mbele ya kitufe utatambulika hata kwa 800 kwa 600. Kinachoamua ni njia ambazo data ya picha na ya sauti hupitia ndani ya chipu, pamoja na pini zinazobaki baada ya kamera kujichukulia zake.

Chipu ya ESP32 ya awali haina mlango maalumu wa kamera. Maktaba ya esp32-camera huazima kitengo cha I2S namba 0, ambacho kwa kawaida ni cha sauti, na kukifanya kipokee data ya kamera kwa nyaya nane sambamba. Kwa sababu hiyo sauti yako lazima ipite kwenye I2S namba 1, na jambo hilo ulitaje wazi kwenye msimbo kwa kuandika I2S_NUM_1. Ukiandika I2S_NUM_AUTO (yaani programu ijichagulie kitengo) na sauti ikatangulia kuanzishwa, unaweza kupewa namba 0, kisha kamera ikaja kuchukua kitengo kile kile bila kuuliza.

Wapo wanaoshauri kutumia DAC (kigeuzi cha namba kuwa volti za sauti) iliyomo ndani ya ESP32 ili kuepuka gharama ya amplifaya ya I2S. Ushauri huo haufai hapa. DAC hizo ni za biti 8, zinapatikana kwenye pini ya 25 na ya 26 tu, na kwenye ESP32-CAM pini zote mbili zimeshikwa na kamera. Hata kama zingekuwa wazi, njia ya kuzilisha sauti mfululizo kwa DMA (kuhamisha data bila kuishughulisha CPU) ni ile ile I2S namba 0.

Sasa pini. Bodi hii ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na mifano mingi huweka faili za sauti humo. Ukiiendesha kadi kwa njia ya biti moja unabakiwa na pini ya 4, 12 na 13, ambazo ni tatu kamili kwa amplifaya ya MAX98357A, na kitufe kinakosa mahali pa kukaa. Zaidi ya hayo, pini ya 4 imeunganishwa na taa ya kamera, hivyo taa itamulika mgeni kila sauti inapopita. Na ya 12 ikikutwa na volti wakati bodi inawaka, chipu huichagulia kumbukumbu yake ya ndani volti 1.8 badala ya 3.3, na bodi haiwaki. Mimi ningeachana na kadi kabisa. Sauti ya kilohezi 16, biti 16, chaneli moja, hula baiti 32,000 kwa sekunde. Sekunde zako sita ni baiti 192,000, zinazoenea vizuri ndani ya megabaiti 4 za bodi pamoja na programu yenyewe. Hapo pini ya 14, 15 na 2 zitatosha kwa amplifaya, na ya 13 itabaki kwa kitufe.

Nyaya_Tatu

Maelezo ya Fundi ni sahihi, ila nadhani anamtwika mwenzetu mzigo usio wa lazima. Kama maneno hayabadiliki, kwa nini maikrokontrola ijishughulishe na sauti? Nunua DFPlayer Mini. Ina nafasi yake ya kadi, inasoma MP3 yenyewe, na ina amplifaya ndogo ya spika moja. ESP32-CAM itaitumia amri tu kwa waya mmoja wa mawasiliano ya serial (UART) kwa kasi ya 9600: cheza faili namba 1. Faili ziwekwe kwenye folda iitwayo mp3, zipewe majina 0001.mp3, 0002.mp3 na kuendelea, na kwenye waya wa amri uweke rezista ya kilo-omu 1 ili kupunguza mlio wa chini kwa chini kwenye spika. Pini ya BUSY hushuka hadi sifuri wakati sauti inacheza, kwa hiyo programu itajua mgeni ameshaambiwa asubiri.

FundiSaketi

Sipingani na Nyaya_Tatu kwa kengele rahisi. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba DFPlayer inacheza kilichomo kwenye kadi yake tu. Siku utakapotaka kumjibu mgeni kwa sauti yako mwenyewe kutoka kwenye simu, itabidi uanze upya.

BintiMsimbo

Kaka zangu, mabishano yote ya I2S namba 0 na pini zisizotosha yanahusu chipu ya zamani. ESP32-S3 ina kitengo chake cha kamera kinachoitwa LCD_CAM, kilicho mbali na I2S, hivyo vitengo vyote viwili vya I2S vinabaki huru kwa sauti. Kwenye XIAO ESP32S3 Sense maikrofoni ya PDM (inayotoa sauti ya kidijitali biti moja moja) imekwishafungwa kwenye bodi. Hiyo itatumia I2S namba 0, kwa kuwa ndiyo pekee inayopokea PDM, na spika itapewa namba 1. PSRAM yake (kumbukumbu ya muda ya ziada) ni megabaiti 8, mara mbili ya ile ya ESP32-CAM.

Kumbukumbu hiyo si anasa. Picha ya 640 kwa 480 isiyobanwa, yenye baiti mbili kwa kila pikseli, ni baiti 614,400, yaani zaidi ya SRAM (kumbukumbu ya muda ya ndani ya chipu) yote ya kilobaiti 520 ya ESP32. Ndiyo maana tunaiagiza OV2640 ibane picha kuwa JPEG ndani ya kamera yenyewe, kabla haijafika kwenye chipu. Lakini siku ukitaka kuichambua picha, kwa mfano kutambua kama mbele ya geti kuna mtu au mbuzi, utaihitaji ikiwa haijabanwa.

Kuna faida nyingine ambayo watu huipuuza: XIAO ina USB yake. ESP32-CAM huja bila USB, hivyo unahitaji kibadilishi cha nje, na pini ya 0 lazima iunganishwe na ethi kila unapopakia programu mpya. Kwa mtu anayejifunza, ambaye atapakia programu mara nyingi, hilo linachosha kuliko tofauti yoyote ya bei.

Angalizo moja kuhusu msimbo: mifano mingi ya mtandaoni hutumia draiva ya zamani ya driver/i2s.h, ilhali toleo la 3 la Arduino kwa ESP32 limejengwa juu ya ESP-IDF 5 (programu ya msingi ya watengenezaji wa chipu) na lina maktaba mpya ya ESP_I2S. Ukizichanganya draiva mbili hizo ndani ya programu moja, itapita kwenye kompaila bila tatizo, kisha bodi itasimama inapowaka na kuandika kwamba kuna mgongano. Chagua moja na ubaki nayo.

Pia usitegemee spika ya Bluetooth: S3 ina Bluetooth ya nishati ndogo tu, isiyopeleka muziki kwenye spika za kawaida.

Mzee_wa_Lehemu

Vijana, naona Raspberry Pi imesahaulika, na muulizaji amesema Python anaifahamu zaidi.

Zero 2 W ilitoka Oktoba 2021 ikiwa na viini vinne na megabaiti 512 za RAM. Kwa upande wa programu ndiyo rahisi kuliko zote: kwa Picamera2 (maktaba ya Python ya kamera) unaifungua kamera mara moja programu inapoanza, unaiacha ikiendelea, na kitufe kikibonyezwa unaita capture_file, sauti unaiita kwa aplay (programu ya Linux ya kucheza sauti) kupitia subprocess.Popen, si run, kwa sababu run itaisubiri sauti iishe ndipo programu iendelee na picha. Mfumo wa Linux unagawa kazi hizo wenyewe. Ukitaka baadaye video na mazungumzo ya pande mbili, hapa ndipo mahali pake.

Upande wa vifaa una masharti yake. Zero 2 W haina tundu la spika za masikioni, kwa hiyo utahitaji kadi ya sauti ya USB au MAX98357A ile ile kwenye pini ya 18, 19 na 21. Ndani ya /boot/firmware/config.txt utaandika dtoverlay=max98357a, na kama waya wa SD wa amplifaya (wa kuiwasha na kuizima, si wa kadi) hujaupeleka kwenye pini ya 4, ongeza neno no-sdmode. Tundu lake la kamera ni dogo, la nyaya 22, hivyo kebo ya kawaida ya Raspberry Pi ya nyaya 15 haiingii. Kamera ya tatu, iliyotoka Januari 2023, ina uwezo wa kujirekebisha umbali, jambo zuri lakini kubwa mno kwa kengele.

Kinachonitia shaka ni umeme. Kompyuta inayozimwa ghafla wakati inaandika kwenye kadi inaweza kuiharibu kadi hiyo. Kuna dawa: kwenye raspi-config washa Overlay File System, ili mabadiliko yote yakae kwenye RAM na kadi ibaki ya kusomwa tu. Hata hivyo bado itachukua muda kuwaka baada ya umeme kurudi, na haina usingizi mzito (deep sleep, hali ya kutumia umeme kidogo sana) kama wa ESP32, kwa hiyo betri yako itakuwa ikiliwa usiku kucha ikimngoja mgeni asiyekuja.

KengeleYaGeti

Shikamoo Mzee, na nawashukuru nyote. Hoja ya betri imeniondoa kwenye Raspberry Pi. Nabaki kati ya njia ya Nyaya_Tatu na ya BintiMsimbo, na naelemea S3 kwa sababu ya maikrofoni. Nina swali moja kuhusu kamera: nimesoma malalamiko kwamba picha inayotumwa huwa si ya mgeni aliyebonyeza, bali ya aliyetangulia. Je, S3 nayo ina tatizo hilo?

BintiMsimbo

Inalo, kwa kuwa linatoka kwenye maktaba ya esp32-camera. Ukiwa na fb_count (idadi ya bafa, yaani sehemu za kumbukumbu za kushikilia picha) ya 1 na mpangilio wa kawaida, kamera hujaza bafa mara tu unapoirudisha, kisha hungoja. Mgeni akija saa tisa alasiri, esp_camera_fb_get itakupa fremu iliyojazwa saa tatu asubuhi, mara baada ya picha iliyotangulia. Weka fb_count kuwa 2 na grab_mode kuwa CAMERA_GRAB_LATEST, au chukua fremu ya kwanza uirudishe bila kuitumia, kisha uchukue ya pili. Ukitumia usingizi mzito, tupa fremu chache za mwanzo, maana OV2640 huhitaji muda mfupi kurekebisha mwanga.

Sauti nayo ipe kazi yake yenyewe ndani ya FreeRTOS (mfumo unaogawa kazi ndani ya chipu), yenye kipaumbele cha juu kuliko ile ya kutuma picha. Bafa za DMA za kawaida ni 6 zenye fremu 240 kila moja. Kwa kilohezi 16 hiyo ni milisekunde 90 tu, na muunganisho wa Wi-Fi ukiizuia kazi ya sauti kwa muda mrefu zaidi ya hapo utasikia maneno yakikatika. Ongeza idadi ya bafa kabla hujaanza kuilaumu spika.

KengeleYaGeti

Basi nimeamua: XIAO ESP32S3 Sense pamoja na MAX98357A. Nimepanga amplifaya itumie D3, D4 na D5, na kitufe kiwe D0, huku D2 nikiiacha kwa sababu ni GPIO 3 (pini namba 3 ya chipu), mojawapo ya pini zinazosomwa bodi inapowaka. Amplifaya nitaipa umeme kutoka kwenye pini ya 5V ya bodi.

FundiSaketi

Mpangilio wa pini ni mzuri, na D0 inaweza kuiamsha chipu kutoka usingizi mzito. Tatizo ni hiyo 5V. XIAO inapoendeshwa kwa betri peke yake pini hiyo haitoi umeme, kwa hiyo siku umeme utakapokatika picha zitaendelea kwenda na geti litakuwa bubu. Ilishe amplifaya moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwani inakubali kuanzia volti 2.5 hadi 5.5, na uweke kapasita ya maikrofaradi 470 karibu nayo. Usiugusanishe waya wowote wa spika na ethi, maana pande zote mbili za spika zinaendeshwa na amplifaya.

Katika programu, cheza sauti kwanza, kisha ndipo uunganishe Wi-Fi. Kuunganisha huchukua sekunde kadhaa baada ya bodi kuamka, na mgeni asiyesikia kitu atabonyeza tena.