Re: Uzamivu wa Marie Curie, na mimi nipo Ujerumani tayari

Kutoka: Freiburg

Shikamooni kaka na dada zangu. Namalizia uzamili wa masuala ya maji hapa Ujerumani, huu mwaka wa pili. Nimeona nafasi ya uzamivu ya mtandao wa Marie Curie, yaani kundi la vyuo na taasisi linalofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, mwajiri yuko Berlin, mada ni ukame na wakulima wadogo. Ndiyo kazi niliyokuwa naiota. Kuna la kuangalia kabla sijaanza barua?

Kutoka: Delft

Marahaba mdogo wangu. Lipo, na liangalie kabla hata ya kugusa CV. Nafasi hizo haziulizi uraia wako, zinauliza ulikokuwa ukiishi. Katika miezi 36 kabla ya siku ya kwanza ya mkataba, usiwe umeishi, umesoma wala kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya mwajiri. Kwa hiyo Berlin imekupita, hata profesa akupende vipi.

Ila mtandao mmoja huwa na nafasi kadhaa, kila moja na mwajiri wake, nchi tofauti. Rudi kwenye tangazo lilelile kwenye Euraxess, ile tovuti ya Ulaya ya nafasi za utafiti, utafute iliyoko Uholanzi, Denmark au Hispania. Huko miaka yako ya Ujerumani haikuzuii kabisa.

Na Ujerumani kwenyewe usikufute. Nafasi za kawaida za vyuo, zile za ngazi ya mshahara ya E13, hazina sharti hilo. Uliza tu ni asilimia ngapi ya mshahara, maana nyingi hulipa nusu au theluthi mbili, na kazi utakayofanya ni nzima.

Jingine linaloumiza watu: fedha za Marie Curie kwa kawaida ni za miezi 36, na uzamivu hapa Uholanzi ni miaka minne. Kwenye usaili uliza nani analipa mwaka wa nne, na jibu liwe kwa maandishi. Usione haya. Kiasi kinachotangazwa nacho kinajumlisha makato ya mwajiri, usikipigie hesabu ya kodi ya nyumba.

Kutoka: Liège

Jambo wote. Naongeza kwa ajili ya wenzetu wa Kongo na Burundi: muda ulioupitisha ukiwa katika utaratibu wa kuomba hadhi ya ukimbizi hauhesabiwi katika ile miezi 12. Nimeona vijana wazuri sana wakijiondoa wenyewe kwa kutojua hili. Tunzeni barua zote zenye tarehe za kesi, ya kufunguliwa na ya uamuzi.

Wenye PhD tayari, sharti ni lilelile kwenye ufadhili wa Marie Curie wa watafiti waliomaliza PhD, ila miezi inahesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku ya mwisho ya kuomba, ambayo huwa Septemba.

Kutoka: Freiburg

Asanteni sana. Nimerudi kwenye tangazo, ipo ya Uholanzi, mada ni umwagiliaji, inafungwa wiki ijayo. Naandika barua leo usiku. Kaka wa Delft, naomba uipitie kesho nikishakutumia.