Kabati la zamani: tulipake rangi au tuliache lilivyo?

Msomaji_Kimya
Wakuu, salaam. Nimepata kabati la zamani la milango miwili, refu kunishinda, mbao tupu, na nakshi juu kama taji. Nataka likae sebuleni: juu vyombo vya wageni, chini mashuka na mablanketi, droo ziwe za vyeti na albamu za picha. Mwenzangu anataka tulipake rangi nyeupe lifanane na ukuta, mimi moyo unasita. Isitoshe lina vitundu vidogo mguuni, linanuka ukungu, na mlango mmoja haufungi. Nianze na lipi?

fundi_randa
Mkuu, brashi iweke kando, anza na vitundu. Vikiwa na upana wa milimita 1 hadi 2 hivi, hao ni wadudu watoboao mbao. Tundu ni mlango wa kutokea, aliyelitoboa keshaondoka. Kazi ni kujua kama funza wamebaki ndani, maana huweza kukaa humo miaka kadhaa wakila taratibu. Gongagonga mguu, fagia, kisha tandaza karatasi nyeusi chini yake. Ukiona unga mpya baada ya wiki chache, bado wamo. Litibiwe kabla ya kukaa karibu na fanicha nyingine.

Mlango usiupige randa! Mara nyingi mwenye makosa ni sakafu. Kabati lisiposimama sawa, fremu hupinda na milango hugombana. Weka pima maji, sukumia kibanzi chini ya mguu ulio chini, ujaribu kufunga tena.

MamaDroo
Nitamtetea mwenzako kidogo. Si kila kabati kuukuu ni hazina. Likiwa la kiwandani la kawaida, na uso umeshaharibika, rangi nzuri inalipa miaka mingine mingi. Ila kama tayari lina tabaka za rangi ya zamani, usilipige msasa mkavu, huenda rangi ile ina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Hata Marekani rangi ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978 tu.

mzee_wa_vanishi
Kabla ya kubishana rangi, jueni mna nini. Chomoa droo utazame pembe zake. Meno ya kuungia yakiwa hayalingani, huenda yalikatwa kwa mkono. Yakilingana yote kabisa, hiyo ni mashine. Skrubu za kichwa cha msalaba zilianza kuuzwa miaka ya 1930, japo fundi wa baadaye anaweza kuwa ndiye aliyezitia.

Kisha chovya pamba kwenye spiriti, gusa mahali pasipoonekana. Ikinata, hiyo ni shelaki, yaani vanishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti. Shelaki haihitaji kukwanguliwa, mpya huyeyukia ndani ya ile ya zamani. Kuifunika kwa rangi nyeupe mimi naita hasara, na sitabadili kauli.

pangilia
Mpangilio wako ugeuze: vyombo chini, mashuka juu. Kabati refu lenye uzito juu huanguka mtoto akining'inia mlangoni. Lifunge ukutani kwa vipande vya chuma. Na albamu usiziache ndani ya droo tupu. Mbao, mwaloni hasa, hutoa mvuke wa asidi unaochakaza karatasi na picha. Tumia maboksi ya karatasi isiyo na asidi.

Ukitaka kutundika makoti, pima kina kwanza. Henga huhitaji sentimita 55 hivi, na makabati mengi ya zamani hayafiki. Fimbo fupi ya kutoka nyuma kuja mbele huokoa.

Msomaji_Kimya
Asanteni sana. Spiriti imenata! Mlango nao umekubali baada ya kibanzi. Mwenzangu ameridhia nje pabaki palivyo, ila anataka ndani papakwe mafuta ya kitani ili harufu ife. Sawa?

mzee_wa_vanishi
Hapana. Mahali pasipo na hewa mafuta hayo hukauka kwa shida na yatanuka kuliko ukungu wenyewe. Acha milango wazi likauke vizuri, futa ukungu, kisha paka shelaki mara mbili ndani. Na mkitumia mafuta ya kitani popote, vitambaa vyake msivirundike. Vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandazeni nje vikauke.