Nepi za kitambaa, safari ya Dar–Bukoba: za mraba, za vifungo au pampasi?

Mama Asimwe
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwezi ujao tunakwenda Bukoba kwa basi kumpelekea bibi mjukuu wake. Ana miezi saba, ameanza uji na viazi vya kuponda. Nyumbani anavaa nepi za kitambaa maana pampasi zinamletea vipele. Kule ni kijijini, maji ya kuchota, choo cha shimo, na tutakaa wiki tatu. Sasa nibebe zile za mraba za taulo na chupi za nailoni, nibebe za kisasa za vifungo, au yaishe ninunue pampasi? Baba yake anasema nahamisha nyumba kwa ajili ya makalio ya mtu mmoja.

Shangazi wa Tanga
Za mraba, mwanangu. Kitambaa cha tabaka moja upepo unakipita, ukiamka kimekauka. Hizo za vifungo zina kitambaa cha ndani kilichoshonwa tabaka tatu nne, na mvua ya Bukoba hainaga adabu. Kitakaa kwenye kamba siku mbili, mwisho kinaanza kunuka. Tena mraba haina kazi moja: utamfutia, utamtandikia, utaiweka begani akicheua.

Dada Nepi
Shikamoo shangazi. Mimi nashona za vifungo, kwa hiyo najua mtasema navutia kamba kwangu. Ila kinachochelewa kukauka ni kitambaa cha ndani. Ganda la nje, lile la kuzuia maji, ni jepesi, ukilikung'uta maji limekaribia kukauka. Na hivyo vya ndani havilingani: maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi za plastiki, hukauka upesi lakini isiguse ngozi, inaikausha, na mtoto akibebwa mgongoni mkojo unakamuka pembeni. Kitambaa cha mianzi kinakunywa sana, ila kwa hali ya hewa ya Bukoba utakisubiri.

Mimi ningechanganya. Beba maganda ya vifungo machache, ndani kunja mraba za shangazi. Akikojoa tu, ganda unalipangusa na kuweka mraba mkavu. Pini hazihitajiki.

Na huyo mwenye vipele, angalia unampaka nini. Mafuta ya mgando yakiingia kwenye kitambaa, hakinywi tena, mkojo unateleza juu juu. Ukimpaka, weka kipande cha kanga kuukuu kati ya ngozi na nepi.

Baba Pacha
Mmeshafika kijijini, na basi je? Gari likisimama kuchimba dawa, hata hujafungua begi konda anagonga bodi, twende twende. Vyoo vingi vya njiani havina pa kumlaza mtoto, kwa hiyo utambadilishia mapajani, jirani yako anakula mahindi. Halafu mtoto keshaanza viazi! Sisi safarini ni pampasi, tukifika ndiyo kitambaa. Safari moja haimuui mtu ukimbadilisha mapema.

Au pandeni treni ya SGR mpaka Dodoma, tangu 2024 inafika huko, ni kama saa nne na vyoo vimo humo humo. Basi mtachukulia Dodoma. Usumbufu wake ni kushusha na kupakia mizigo mara mbili.

Bint Pemba
Baba Pacha, pampasi zikishatumika unazipeleka wapi? Kwenye choo cha shimo haziozi, mtamjazia bibi choo chake. Kuchoma nako bibi wengi hawataki kusikia, wanasema mtoto atadhurika. Utarudi nazo mjini kwenye begi.

Mimi nikisafiri kwa boti, nepi za kitambaa huzipanga kabisa nyumbani: kila ganda na mraba wake ndani, limekunjwa, nikitaka navuta moja. Kumbadilisha hapo hakuna tofauti na pampasi. Chafu huingia kwenye mfuko wa zipu wa kitambaa cha mwavuli, fundi yeyote anaushona. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata enzi zake zilikuwa zinavuja.

Kwa tunaosali, beba kanga nyingine safi ya kusalia. Ule wepesi wa kunyunyizia maji tu nguo iliyokojolewa, kwetu Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ni wa mtoto wa kiume ambaye bado ananyonya tu. Akishaonja uji, nguo inaoshwa.

Mama Asimwe
Hapo kwenye kupanga nyumbani nimepapenda. Lakini haja kubwa nifanyeje ndani ya gari? Na maji ya kuchota yatatosha kweli?

Dada Nepi
Tandika kitambaa chepesi juu ya mraba, kile ndicho kitakachobeba uchafu. Mkifika chooni unakung'uta. Zikae kavu mfukoni, usizitie maji, zikilowa humo ndipo harufu inapozidi.

Kijijini suuza kwanza kwa maji ya baridi, ndipo ufue kwa maji ya moto na sabuni kidogo. Watu wanamwaga sabuni ya unga kama wanafua turubai, kisha maji ya kusuuzia hayatoshi na sabuni inabaki kwenye nepi. Vipele vingine vinatoka hapo. Dawa ya kulainisha nguo acha kabisa, inazuia kitambaa kunywa.

Shangazi wa Tanga
Na nepi mzipige pasi! Kuna inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, buu wake anaingia kwenye ngozi, unaona jipu kumbe ndani kuna mdudu. Pasi ya mkaa ya bibi inatosha, pitisha pande zote, na mishono usiisahau.

Dada Nepi
Mraba tu, shangazi! Ganda la nje lina plastiki, pasi italiharibu. Hilo lianikwe ndani ya nyumba.

Mama Asimwe
Ngapi sasa?

Bint Pemba
Wa umri huo anamaliza nepi sita mpaka nane kwa siku. Kwa mvua ya huko hesabu za siku tatu: mraba ishirini na nne, maganda sita. Pampasi weka mbili tatu za dharura, nisigombane na Baba Pacha.

Baba Pacha
Weka tano.

Mama Asimwe
Haya, SGR mpaka Dodoma basi. Dada Nepi, hayo maganda unatuma Dar? Na mfuko wa zipu unashona pia?