Lori lilichemsha mlimani, saivi injini inagonga, nianzie wapi?

Dereva Mzigo Mzito

Habari wakuu, naombeni mawazo maana siku ya pili leo sijalala vizuri. Nina lori la dizeli, silinda 6 za mstari mmoja, ina tabo (ile ya kusukumia hewa kwenye injini), pampu ya mafuta ni ile ya zamani sio ya umeme. Juzi napandisha mlima na mzigo hozi ya juu ya rejeta ikapasuka, mi saa hio sikujua, nilichoona ni mshale wa joto umepanda mpaka karibu na nyekundu afu baada ya dakika chache ukashuka wenyewe, nikasema afadhali imepoa, nikaendelea kama kilomita 4 hivi. Kumbe maji yalishaisha zamani. Injini ikawa nzito, nguvu hamna, ikazima yenyewe.

Nikaacha ipoe kama masaa 2, nikafunga hozi nyingine, nikatia maji, nikapiga stata. Imewaka vizuri tu ila sasa inagonga, ko ko ko ko, nikikanyaga mafuta mlio unaenda haraka na nikiachia mguu ndo unasikika vizuri zaidi. Oili kwenye stiki ipo, haina rangi ya maziwa. Taa ya oili inapepesa injini ikishapata moto na mguu hauko kwenye mafuta. Fundi wa kwanza kasema ni gasketi ya hedi (hedi ni kile kifuniko cha juu cha injini), wa pili kasema imenoki tufungue yote. Nianzie wapi kabla sijaanza kutoa hela?

Fundi wa Dizeli

Pole sana mkuu. Kabla ya yote, usiiwashe tena. Hata ya kumsikilizisha mtu mlio usiwashe, ntakwambia kwa nini.

Huo mshale uliwaponza madereva wengi na ningependa kila anayeendesha lori alijue hili. Sensa ya joto inasoma maji. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa, haina cha kuipa moto kama mwanzo, kwahiyo mshale unashuka wakati vyuma ndo vinaungua. Mshale ukipanda afu ukashuka ghafla na wewe bado uko mlimani na mzigo, hapo haijapoa, hapo maji hamna, simama.

Sasa kuhusu gasketi. Gasketi ya hedi haigongi. Inaweza ikaungua kweli, na kwako sitashangaa ikiwa imeungua, lakini dalili zake ni maji kupungua, mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe, oili kuwa maziwa, au unasikia inapuliza chu chu chu pembeni ya hedi. Ko ko ni chuma kwa chuma, kuna sehemu imepata nafasi. Na neno imenoki tunalitumia kwa kila kitu, ndo maana nataka tujue kwanza ni ko ko ya wapi.

Injini ikikosa maji pistoni inatanuka kuliko slivu, yaani lile bomba inamopanda na kushuka, kwa sababu pistoni nyingi ni aluminiamu, inaanza kusugua, ndo ule uzito uliousikia kabla haijazima. Pistoni ikishakwanguka inabaki na nafasi, inapiga ukuta wa slivu, na huo mlio ni mkubwa injini ikiwa baridi, ikipata moto unapungua. Upande wa chini oili nayo ilichemka ikawa nyepesi kama maji, beringi za konrodi (konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka chini) zikakosa ute wa kuzibeba. Beringi ya konrodi ikilika inagonga vibaya zaidi ikiwa moto, na unaisikia sana ukiachia mafuta. Mein beringi, zile zinazobeba krenki yenyewe, mlio wake ni mzito, du du, unausikia mpaka kwenye sakafu ya kebini ukiwa na mzigo. Tapeti, zile za kufungulia valvu, mlio wake ni mwepesi, iko juu, na inapiga nusu ya mwendo wa krenki.

Wewe unasema inasikika ukiachia, na taa ya oili inapepesa ikiwa ya moto. Kwa maelezo hayo mi naangalia chini, konrodi.

Spana 17

Nakubaliana na fundi hapo juu ila tusiharakie kushusha sampu (lile beseni la oili chini ya injini) jamani. Mi nimewahi kushusha sampu kwa mlio ambao ulikuwa wa kompresa ya upepo. Kompresa ya lori inapozwa na maji yale yale ya injini na inalainishwa na oili ile ile, kwahiyo injini ikichemsha na yenyewe inaumia, na mlio wake ukiusikiliza unasema kabisa ni konrodi ya injini. Mkuu jaribu kukumbuka, ulipowasha, matenki ya upepo yalipojaa na valvu ikatema ile psss, mlio ulibadilika? Kama ulibadilika anza na kompresa.

Afu kuna nozeli, zile za kupulizia dizeli kwenye silinda. Injini ikiwa inanguruma taratibu legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, spana ya 17 au 19, silinda ambayo ukiikata mlio unapungua ndo yenye shida. Kama hata moja haibadilishi kitu basi mlio uko nje ya silinda, kompresa au flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) au mein.

Fundi wa Dizeli

Spana umesema kweli kuhusu kompresa, na hilo anaweza kulijibu kwa kukumbuka tu. Ila la kulegeza nati nakukatalia kwa gari hii. Ni kipimo kizuri, nakitumia kila siku, lakini presha ya oili yake ni ya mashaka, kila dakika inayowaka beringi inazidi kukwangua krenki. Leo krenki inaweza kuchongwa, kesho ikawa haifai, au konrodi ikakatika ikatoboa bloku, hapo hamna tena cha kutengeneza. Na pia ukikata nozeli unaitoa silinda mzigo, konrodi mbovu nayo inanyamaza, kwahiyo kunyamaza peke yake hakukwambii kama ni nozeli au beringi.

Na wasomaji wengine wenye injini za komoni reli, zile za kisasa za nozeli za umeme, hicho kipimo msikiguse kabisa. Mle kuna presha inayopita bar 1000, dizeli inaingia kwenye ngozi kama sindano. Kule silinda inakatwa kwa mashine ya daignosi.

Mkuu fanya hivi. Mwaga oili, ichuje kwenye kitambaa cheupe kisafi. Afu toa filta, ikate kopo lake, kunjua ile karatasi juani uikamue. Haihitaji kuwasha gari na ni kazi ya saa moja.

Mama Rejeta

Naongeza dogo. Kabla hata ya kupiga stata tena siku yoyote ile, toeni nozeli zote na mzungushe injini kwa mkono, kwa baa kwenye nati ya puli. Hedi ikipasuka maji yanaingia silinda wakati gari imelala, na maji hayabanwi, ukipiga stata konrodi inapinda. Mkizungusha na maji yakaruka kwenye tundu la nozeli mtakuwa mmeokoa konrodi na mmejua hedi ina ufa. Nimeona watu wakiweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, wiki haiishi wamerudi.

Dereva Mzigo Mzito

Wakuu nimerudi na majibu. Mlio haukubadilika upepo ulipojaa, nimekumbuka vizuri maana nilikuwa nimesimama nje pembeni ya tairi la mbele nasikiliza. Tumezungusha kwa mkono, maji hayajatoka silinda yoyote. Oili kwenye kitambaa imeacha vumbi linalong'aa, na kwenye karatasi ya filta kuna vipande vidogo vyembamba rangi ya shaba, unaviokota kwa kucha. Tukashusha sampu. Konrodi ya 5 ukiishika na kuisukuma juu chini inacheza, tk tk, zingine zinakwenda pembeni tu kidogo. Kifuniko kilipotoka ile rangi ya kijivu ya beringi imeisha kabisa, shaba yote iko wazi na sehemu moja chuma chenyewe kimeanza kuonekana. Krenki ina mistari, kucha inakwama. Ni ya kutupa?

Fundi wa Dizeli

Mistari peke yake sio ya kutupa. Peleka ipimwe kwa maikromita, ikiwa bado ina nyama inachongwa na unafunga beringi za saizi inayofuata, milimita 0.25 au 0.50. Mwambie mchongaji aangalie na nyufa. Konrodi ya 5 itazame rangi, ikiwa na bluu pale kwenye jicho la chini, tundu linaloshika krenki, iliungua, usiirudishe, na hata isipokuwa na bluu jicho lipimwe kama bado ni duara. Usibadili beringi ya 5 peke yake, zote zilipita moto mmoja.

Hedi sasa itoke, ipimwe kwa rula ya chuma na fila (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kipimo chake kiko kwenye kitabu cha injini yako. Slivu pitisha kucha, ikikwama badili slivu na pistoni yake.

Na kitu ambacho wengi wanasahau: ule unga wa shaba umeshafika kwenye kula ya oili (kipoza oili), kwenye njia za ndani ya bloku na kwenye tabo. Kula ifunguliwe ioshwe au ibadilishwe, njia zipulizwe zote, bomba la oili la tabo litoke. Siku ya kuwasha jaza filta oili mpya, kata mafuta, piga stata kidogo kidogo mpaka geji ya presha ya oili ipande, ndo umpe dizeli.

Dereva Mzigo Mzito

Asante sana wakuu, Mungu awabariki. Krenki naipeleka kesho asubuhi, kula ya oili ndo tunaifungua saivi.