Jogoo wa kuchi anaumwa: OTC, tailosini au shubiri mwitu?

Kuchi_Gungu: Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, Gungu, nina jogoo wangu wa kuchi (aina ya kuku wa kienyeji), tangu jana hawiki, kajikunyata tu kwenye kona ya banda na jicho moja limevimba. Dukani wana OTC (oksitetrasaiklini) ya unga ya kuweka kwenye maji na wana tailosini, zote antibayotiki, jirani naye ananiambia niachane na dawa za duka nimpe shubiri mwitu. Hela yangu inatosha dawa moja tu na huyu ndiye mbegu ya banda zima. Nichukue ipi?

mfugaji_ipuli: Mkuu umeuliza dawa, ugonjwa hujautaja. Kinyesi kikoje? Puani kuna ute? Wengine wazima? Alichanjwa lini? Jicho kuvimba inaweza kuwa mafua, inaweza kuwa ndui, na inawezekana kapigwa tu na jogoo mwenzie.

DadaKasulu: Na mfungue mdomo umulike na tochi ya simu. Ukikuta utando wa njano umegandia kooni basi ni ndui ya ndani, hiyo ni kirusi na OTC haiiui, inazuia tu vidonda visiingiwe na bakteria.

Kuchi_Gungu: Asanteni sana. Utando hamna. Puani kuna ute na unanuka vibaya, usiku anakoroma, kinyesi kijani kijani. Matetea wawili nao wameanza kupiga chafya. Chanjo ya kideri (mdondo, Newcastle) walipata wakiwa vifaranga.

mzee_wa_nyuki: Kijani ni kideri hicho kijana wangu. Huku Sikonge tunasaga kitunguu swaumu tunachanganya na asali mbichi, kijiko asubuhi kijiko jioni, kuku anasimama.

mfugaji_ipuli: Mzee shikamoo. Hapo kwenye kijani naomba tusiharakishe, kuku asiyekula anatoa kijani cha nyongo hata kama anaumwa kitu kingine. Uso kuvimba, ute unaonuka na kukoroma ni dalili za mafua makali, na hayo ni bakteria, yanasikia dawa. Ila kama chanjo ni ya tangu vifaranga basi kinga ya kideri imeshaisha kitambo, chanjo yake ya matone, I-2, inarudiwa kila miezi 3. Kwahiyo angalia shingo na mabawa, akianza kupinda shingo au kuburuza bawa ujue ni kideri na hapo hakuna dawa ya kutibu.

mzee_wa_nyuki: Marahaba. Mimi asali yangu siiachi, ila hilo la shingo ni kweli.

mama_banda_urambo: Jamani hili suala la kununua dawa kwa kubahatisha linaniuma mpaka leo. Mwaka juzi kuelekea Krismasi kuku wangu walianza hivi hivi, nikaenda duka moja la dawa nikaeleza kinyesi cha kijani na shingo zinapinda, yule muuzaji hakuuliza hata swali moja akanipa unga akasema mafua hayo changanya kwenye maji, kesho yake wamekufa kadhaa nikarudi akanipa unga mwingine wa bei kubwa zaidi, nikarudi tena akanipa sindano, na banda likawa linapungua kila nikiamka, mpaka bwana mifugo wa kata anafika kumebaki vifaranga viwili na bata, akapasua mmoja akanionyesha madoa ya damu tumboni akasema mama hiki ni kideri. Hela ya zile dawa ingechanja kuku wa mtaa mzima. Mtu anauza dawa ya kiumbe hai hataki hata kujua kinaumwa nini!

DadaKasulu: Pole sana mama yangu. Kuchi_Gungu, tenga wote watatu leo, vyombo vyao vya maji mbali. Mimi naenda na tailosini, ila mgonjwa anakunywa maji kidogo sana kwahiyo dawa ya maji inawafaa zaidi wanaopiga chafya. Jogoo mwenyewe achomwe sindano ya msuli wa kifua, na dozi bwana mifugo apige kwa uzito.

kijana_ujiji: Kwanini asimchinje tu? Mafua hata akipona anabaki na vijidudu anaambukiza wengine.

Kuchi_Gungu: Huyu nilimtoa Tabora kwa 60,000 kaka, simchinji.

mama_banda_urambo: Na akishachomwa dawa haliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, mayai ya hao matetea vilevile. Tusiwalishe watoto dawa.

kijana_ujiji: 60,000? Kuchi wa Tabora wenye upanga mdogo kichwani na shingo ndefu au waliochanganywa? Siku hizi wanauza chotara.

mfugaji_ipuli: Wapo halisi, angalia mdomo, mfupi na umepinda kama wa kasuku.

Kuchi_Gungu: Halisi kabisa. Bwana mifugo kasema anapita kesho asubuhi. Ila wale wazima nataka niwachanje I-2, tatizo chupa ni ya kuku wengi na mimi ninao wachache.

DadaKasulu: Subiri chafya ziishe bandani kwanza, kuku mgonjwa hachanjwi.

mwalo_kibirizi: Chupa mnachangishana majirani, tone moja jichoni kila kuku. Niko Kibirizi na ninao wa kutosha, nani mwingine wa huku Kigoma anaongeza?